Nahodha Aliyekataa Kuvuka

Asubuhi ile ya Aprili Mlima Meru haukuonekana kabisa. Wingu jeusi lilikuwa limeufunika kuanzia kileleni hadi kwenye migomba ya juu, na ngurumo zilifuatana huko ndani, ingawa huku chini kijijini Nkoaranga hakukuwa hata na manyunyu. Mwalimu Sumari hakuzitilia maanani. Akili yake yote ilikuwa kwenye mashindano ya riadha ya vijana yaliyokuwa yaanze saa tatu mjini Arusha, na kwa dereva wa gari aina ya Noah aliyekuwa akitazama saa na kusonya.

Gari lilisimama ng'ambo ya korongo, maana barabara haikufika kule juu. Sumari alitangulia kuvuka ili amzuie dereva asiondoke, na maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu tu. Sasa timu yake, wasichana wanane, ilikuwa ikishuka kwenye kijia chenye utelezi, mbele yao Namnyaki.

Miezi mitatu nyuma alimfanya Namnyaki nahodha, na watu wakamshangaa. Mwenye kasi alikuwa Brenda. Namnyaki alikuwa mgeni, amekuja kuishi kwa shangazi yake akitokea kwa wafugaji wa upande wa magharibi wa mlima, mtoto wa maneno machache, lakini hakukosa kumwona aliyebaki nyuma. Sumari akaanza kumlea katika uongozi. Alimwachia mazoezi ya Jumamosi, akamsimamisha aseme mbele ya wenzake, akamzoesha kukataa. "Ukiona hatari, simamisha timu," alimwambia. "Hata kama mimi sitaki." Alilisema kwa raha, kama mtu asiyetarajia kukataliwa yeye.

Wasichana walifika ukingoni. Namnyaki alinyoosha mikono, wote wakasimama.

"Njooni! Tumechelewa!" Sumari alipaza sauti.

Namnyaki alikuwa amechuchumaa, anayatazama maji. "Mwalimu, yamebadilika rangi."

"Msimu huu wa mvua, ulitaka yawe na rangi gani? Vukeni!"

"Hatuvuki, mwalimu."

Dereva alicheka nyuma ya Sumari. "Hawa watoto wanakuendesha, mwalimu."

Sumari alihisi uso unamwaka. "Brenda! Vuka wewe, wenzako watakufuata."

Brenda aliitika mara moja. Mwaka mzima alikuwa ameamka alfajiri kwa ajili ya siku hii. Alitia mguu majini, na papo hapo Namnyaki akamkamata jezi.

"Niache! Unanionea wivu!" Brenda alilia, akijinyonganyonga.

Namnyaki hakumwacha.

Sumari alivua viatu akashuka mwenyewe, awaonyeshe kwamba hapakuwa na la kuogopa. Alipofika katikati, maji yalikuwa magotini. Yalibeba majani mabichi ya mikahawa na harufu nzito ya udongo uliochimbuliwa, na mawe yalitetemeka chini ya nyayo zake.

"Mwalimu, rudi!" Sauti ya Namnyaki haikuwa ya kuomba. "Rudi sasa hivi! Kimbia!"

Na Sumari, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, alitii. Aliparamia ukingo kwa mikono na magoti, dereva akamvuta kwa kola. Mngurumo ukawafikia kabla hawajasimama, kisha likaja tope, na magogo, na jiwe kubwa kama ng'ombe likapita likibingirika pale pale alipokuwa.

Alipotazama ng'ambo hakuona mtu. Aliamini amewaua.

Kisha akawaona juu, kati ya mikahawa, wameshikana mikono. Namnyaki alikuwa akiwagusa vichwa, kimoja kimoja, akihesabu. Wote walikuwepo.

Hawakwenda Arusha. Korongo halikupitika hadi kesho yake. Jumapili baada ya ibada, mama yake Brenda, Marta, alimsimamisha Sumari nje ya kanisa, watu wakisikia.

"Huyo nahodha wako kamkosesha mwanangu nafasi. Kamchania na jezi!"

"Mama Brenda," Sumari alisema, "mimi ndiye niliyemwamuru avuke. Nilimwita kwa jina."

Marta alimshika binti yake mkono wakaondoka bila kuaga.

Jumatatu Namnyaki alifika mazoezini wa kwanza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Sumari alikuwa ameandaa maneno ya shukrani, lakini lililomtoka lilikuwa swali. "Ulijuaje?"

"Korongo la kwetu lilimchukua kaka yangu na mbuzi. Lilianza hivyo hivyo, maji yakabadilika rangi yakaleta majani."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuambia, mwalimu. Nilisema hatuvuki."

Wengine walikuja mmoja mmoja, wakajipanga, na macho yao yakamruka Sumari yakaenda kwa Namnyaki. Brenda hakuja siku hiyo, wala wiki iliyofuata.