Mkuu wa Benchi la Nyuma

Barua ya ukaguzi ilifika Jumatano, na kabla ya mapumziko ya saa nne walimu wote walikuwa wanatafuta kalamu. Si kalamu za kusahihishia. Walitaka wino mweusi, wino wa bluu uliokolea na wino wa bluu uliopauka, maana daftari la maandalio ya somo likijazwa muhula mzima kwa kalamu moja, hata kipofu atajua. Wajuzi zaidi huongeza tone la chai pembeni mwa ukurasa, nao ukurasa ukazeeka papo hapo.

Mwalimu mkuu aliwaona kupitia dirisha la ofisi, akaendelea kukaza skrubu ya kiti kibovu. Madaftari yote ya maandalio yalikuwa kwenye kabati la chuma nyuma yake. Aliyafungia humo mwenyewe tangu wiki ya kwanza ya muhula.

Makamu wake aliingia bila kubisha. Alikuwa mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikono inakata.

"Mama, tupe ufunguo."

"Wa nini?"

"Usinichezee. Mkaguzi anakuja Jumatatu. Kipengele cha tisa kinataka maandalio yaliyojazwa na kusainiwa kila wiki. Sisi tuna wiki tisa tupu."

"Si tupu. Zilifundishwa. Hazikuandikwa tu."

"Kwa mkaguzi ni kitu kimoja."

"Basi mkaguzi ndiye mwenye tatizo."

Makamu alivuta pumzi kama mtu anayemweleza mtoto. "Shule ikipewa 'hairidhishi' wanakuvua ukuu. Wewe, si mimi. Na ile nyumba ya shule unahama."

"Barua niliisoma kabla yako, baba. Nishikie hiki kiti."

Akakishika. Hakupewa ufunguo.

Mambo haya yalikuwa yameanzia jikoni kwa mwalimu mkuu, mwishoni mwa mwaka uliopita. Alikuwa anamenya viazi, na binti yake wa darasa la sita amekaa mezani na hesabu ya mia tisa thelathini na sita gawanya kwa kumi na mbili. Nusu saa ikapita, ukurasa bado mweupe.

"Unangoja malaika?"

"Hatujafundishwa, mama."

"Mnafundishwa darasa la nne."

"Mwalimu alisema tutairudia baadaye."

"Mkairudia?"

"Hapana."

Kama mama yeyote, kwanza alimkaripia mtoto. Uvivu, simu ya baba yake, marafiki. Lakini alilala na hilo jambo likimkereketa kama mwiba wa samaki, na kesho yake akaingia darasa la saba na hesabu ileile. Kati ya wanafunzi arobaini, waliopata walikuwa sita. Wote sita walifundishwa nyumbani na kaka au dada.

Akarudi ofisini akafungua madaftari ya zamani. Darasa la nne, kugawanya namba kubwa: *Somo limefanikiwa. Wanafunzi wameelewa vizuri sana.* Mwaka uliotangulia, maneno hayohayo. Mwaka wa nyuma yake, hayohayo tena, na tarehe yake ilikuwa siku ambayo shule ilifungwa kwa mafuriko na yeye mwenyewe alikuwa amekunja sketi akifagia maji koridoni. Chini ya kila ukurasa palikuwa na mhuri, neno "Hongera", na saini. Saini ilikuwa yake.

Alimwita mwalimu wa darasa la nne, ambaye shule nzima ilimwita Bi Mkubwa kwa ajili ya umri wake na ukubwa wa mkoba wake. Bi Mkubwa alikaa, akaweka mkoba magotini.

"Mwanangu, nikuambie ukweli au nikuambie yaliyoandikwa?"

"Yaliyoandikwa nimeyasoma."

"Basi sijui kugawanya namba kubwa. Sikuwahi kujua. Chuoni niliikwepa, mtihani nikafaulu kwa mengine. Nikifika kwenye hiyo sura naruka, naenda kwenye vipimo. Miaka kumi na moja sasa."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe ulikuwa unanipa hongera."

Mwalimu mkuu akapiga hesabu ya miaka yake saba ya ukuu. Watoto wa miaka yote hiyo, kila mmoja alipita mbele ya mhuri wake.

Muhula mpya ulipoanza alikusanya madaftari, akayafungia kabatini, na kuanzia siku hiyo vipindi viwili vya kwanza vya kila asubuhi hakuonekana ofisini. Alikuwa kwenye benchi la nyuma la darasa fulani, magoti yamemfika kidevuni, anasikiliza. Mwalimu wa darasa la sita, ambaye alikuwa huru alasiri, akapangiwa kukaa na Bi Mkubwa mara tatu kwa wiki na kugawanya mpaka kieleweke. Walimu wakampa mkuu jina la Mama Benchi, wakidhani halijamfikia.

Benchi lilimwonyesha mambo ambayo mhuri haukuwahi kuyaona. Darasa la pili, ubao ulikuwa unang'aa kwa jua, na waliokaa nyuma walikuwa wananakili kutoka kwa waliokaa mbele, makosa na yote. Akanunua rangi nyeusi, ukapakwa Jumamosi. Darasa la tano, mwalimu aliuliza maswali safu mbili za mbele tu, wengine wakawa kama abiria. Alimwambia mlangoni, wawili peke yao, na kesho yake akarudi kuona. Wengine walinuna. Makamu ndiye aliyenuna kuliko wote. "Hii ni kupelelezana," alisema, na kila mkuu alipokaribia darasa lake, yeye alikuwa na jaribio la kimyakimya.

Jioni ya siku ile ya barua, mume wa mkuu, fundi wa majokofu, alimsikiliza huku amelala chini ya mashine ya mtu uani.

"Tukihama hapa, friji za watu nitaziweka wapi?"

"Kichwani."

"Nasema kweli. Uwanja huu ni wa shule. Wewe jaza mara hii tu, akienda zake unaendelea na benchi lako. Nani atajua?"

"Mwanao alikaa nusu saa mbele ya hesabu kwa sababu ya saini yangu. Unataka niweke nyingine?"

Chini ya friji nati ikazungushwa mara mbili. Kisha mkono wenye grisi ukatoka, ukaomba bisibisi.

"Basi nianze kuulizia chumba," akasema.

Jumatatu asubuhi mkuu alikuta lundo la madaftari mapya mezani kwake, na makamu amesimama kando, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Makamu na walimu wanne walikuwa wamejifungia nyumbani kwake Jumamosi nzima.

"Wiki zote tisa," alisema. "Nimekuachia pa kusaini tu. Dakika kumi."

Mkuu alifungua la darasa la nne. Kugawanya namba kubwa, wiki ya tatu, wanafunzi wameelewa vizuri sana. Bi Mkubwa alikuwa ameianza wiki ya saba, na watoto wake walikuwa bado wanajikwaa. Akalifunga.

"Umefanya kazi ya punda," alimwambia, na hakuwa anamdhihaki. "Sitasaini."

"Mama, tafadhali."

Hapo mkaguzi akaingia, mtu mnene mwenye adabu, faili kwapani. Alisalimia, akaona lundo, uso ukachanua. Akachukua daftari la juu, akapekua.

"Safi. Mbona hayana saini?"

"Kwa sababu ni uongo. Yaliandikwa Jumamosi."

Makamu alitazama sakafu kana kwamba ilimwahidi kupasuka. Mkaguzi aliweka daftari chini taratibu.

"Mama, nina shule tano wiki hii. Mimi sijasikia hilo. Saini, tunywe chai, tuagane vizuri."

"Umesikia."

"Nani ameyaandika?"

"Shule ni yangu. Andika jina langu."

"Nikiandika hivyo unajua kinachofuata?"

"Najua. Lakini umetumwa kukagua shule, na shule haiko mezani hapa. Darasa la nne wana kipindi sasa hivi. Njoo ukae."

Pengine ni adabu yake iliyomshinda, pengine ni kwamba chai ilikuwa bado haijaiva. Alimfuata. Walikaa kwenye benchi la nyuma, mkaguzi upande mmoja na mkuu upande mwingine, msichana mdogo amebanwa katikati kama karatasi ndani ya kitabu.

Bi Mkubwa alikuwa ubaoni. Aliona wageni, akaandika: 936 ÷ 12. 

"Tisini na tatu, ndani yake kumi na mbili zimo ngapi? Nane," alijijibu mwenyewe, akaandika nane. "Nane mara kumi na mbili, tisini na sita."

"Mwalimu," akasema yule msichana wa katikati, "tisini na sita imezidi."

Mwalimu mkuu aliinama mbele. Miaka yote ile, hapa ndipo Bi Mkubwa angekohoa, afute ubao, aende kwenye vipimo.

"Imezidi nini?" akauliza Bi Mkubwa.

"Tisini na tatu. Huwezi kugawa usichonacho."

Darasa likacheka. Bi Mkubwa alitazama ubao kitambo kirefu, midomo inahesabu.

"Kweli. Nimekosea. Haya, aliyeniona nimekosea aje anitoe."

Msichana akajichomoa kati ya watu wazima wawili, akaenda, akaandika saba. Themanini na nne. Ikabaki tisa. Akashusha sita. Nane. Akamrudishia mwalimu chaki.

"Sabini na nane. Wangapi wanakubali?" aliuliza Bi Mkubwa. "Msinyanyue mikono kwa kunipendeza. Hakikisheni kwa kuzidisha."

Vichwa vikainama. Mkaguzi naye akageuza faili lake, na kwa penseli, kwenye kona ya jalada, akazidisha sabini na nane kwa kumi na mbili.

Nje koridoni alijifuta uso kwa leso. "Mwalimu amekosea mbele ya mkaguzi."

"Na akasahihishwa, na akashukuru. Umewahi kuona hilo limeandikwa kwenye daftari lolote?"

"Sijawahi." Alitembea hatua chache. "Kipindi ni kizuri. Nakuambia kama mzazi. Lakini fomu haina mahali pa kuandika hilo. Fomu inauliza kama daftari lipo, limejazwa, limesainiwa. Kipengele cha tisa kinabeba alama nyingi kuliko vyote."

"Basi kipe sifuri."

"Mama, unajitia kitanzi mwenyewe."

"Pale chini pana nafasi ya maoni ya mwalimu mkuu. Nipe."

Aliandika akiwa amesimama, fomu imeegemea ukuta. *Kwa miaka saba nilisaini kwamba kugawanya kumefundishwa. Hakukufundishwa. Kila mkaguzi aliyepita alinipa alama zote. Mwaka huu sijasaini kitu, na watoto wanagawanya. Naomba kipengele cha tisa kifutwe, au aliyekitunga aje akae darasani.* Hapo ndipo akaweka saini.

Mkaguzi alisoma mara mbili. "Hii itafika juu."

"Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa."

Ikafika juu, na majibu yakashuka baada ya wiki tatu. Alivuliwa ukuu. Angebaki shuleni hapo kama mwalimu wa kawaida, darasa la tatu, na makamu angekaimu nafasi yake. Kuhama nyumba alipewa siku kumi na nne. Mume wake alikuwa ameshapata vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri. Walihama kwa mkokoteni, safari sita, friji za watu zikiwa za kwanza. Binti alibeba vitabu vyake mwenyewe na njiani akamsogelea mama yake.

"Mama, ungesaini tu."

"Ningesaini. Na wewe ungekuwa mpaka leo unangoja malaika."

Kikao cha kwanza cha makamu kama mkuu kilifanyika Ijumaa, ndani ya chumba cha walimu. Alikuwa na waraka mkononi. Mama Benchi alikaa karibu na mlango, kwenye kiti cha mwalimu wa kawaida.

"Agizo limetoka ofisi ya elimu," alisoma makamu. "Madaftari ya maandalio yafunguliwe. Wiki zote zilizopita zijazwe kufikia Jumatatu. Atakayekaidi atachukuliwa hatua." Akakunja waraka. "Nafikiri tumeelewana."

"Mimi sijazi," alisema Mama Benchi. "Wiki zijazo nitaandika nitakachofundisha. Zilizopita siwezi kuziandikia uongo. Nichukulie hatua. Nimeshahama nyumba, sijui mtanihamisha nini tena."

Mtu akacheka, akajizuia. Makamu alifungua mdomo, lakini Bi Mkubwa akawa ameshasimama, mkoba begani.

"Na mimi sijazi. Nimejaza miaka kumi na moja, nimeshiba."

"Bi Mkubwa, wewe umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Usijiponze."

"Ndiyo huo mwaka ninaotaka nifundishe."

Mwalimu wa darasa la sita akasukuma kalamu zake tatu katikati ya meza, nyeusi na bluu mbili, kama mtu anayesalimisha silaha. Mwalimu wa darasa la pili akatupa yake juu ya zile tatu. Mwalimu wa darasa la tano, yule wa safu mbili za mbele, alisita, akatazama huku na huku, kisha naye akatupa.

Makamu alitazama lile rundo. Shati lake lilikuwa limekunjamana mgongoni, na hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Alikuwa na waraka mkono mmoja na jina jipya kwenye mlango wa ofisi, na kila mtu chumbani alijua kwamba akirudisha taarifa tupu Jumatatu, atakayefuata mkokoteni ni yeye.

"Sasa niwajibu nini huko juu?" aliuliza, na swali halikuwa la mkuu kwa walimu wake. Lilikuwa la mtu aliyechoka.

"Waambie uliyoyaona," alisema Mama Benchi.

"Mimi sijaona chochote. Sijawahi kukaa nyuma ya darasa la mtu."

"Jumatatu saa mbili nina desimali," alisema Bi Mkubwa, akifunga zipu ya mkoba. "Siijui sawasawa, nakuonya mapema. Uje na kiti chako, lile benchi limevunjika mguu."