Mapindo Manne

Barua ilisema hifadhi yangu ya muda ya ukimbizi inakoma baada ya siku sitini, na kwamba nashauriwa kujiandaa. Kujiandaa! Utadhani nimealikwa harusini. Miaka kumi na mmoja nimehuisha karatasi hiyo, nimelipa kodi, nimesimama foleni hadi miguu ikavimba, leo karani wa dirisha la nne pale uhamiaji ananiambia bila hata kuinua macho kwamba kwetu sasa ni shwari. Suruali aliyovaa nilimpunguzia kiuno mimi mwenyewe mwaka jana. Ningejua, ningembana zaidi.

"Na binti yangu?" nikamuuliza.

"Yeye kazaliwa hapa, mama. Ana haki ya kubaki."

"Abaki na nani, na hiyo haki?"

Akaita namba inayofuata.

Kwetu shule niliyosomea imekuwa ghala la silaha. Simpeleki mtoto huko, ng'o. Jirani yangu muuguzi, Mungu amzidishie, akakubali kumlea, tukatia sahihi kwa mwanasheria. Binti ana miaka tisa. Tunamwita Hakimu kwa sababu hakubali jambo bila ushahidi. Nikamwambia naenda kumuuguza bibi yake, mwezi mmoja tu. Akanikazia macho.

Kiwandani nako bosi akaniomba nimfundishe mtu wa kushika cherehani yangu kabla sijaondoka. "Wewe ndiye fundi wetu bora," akasema. Bora, na barua moja ya kunitetea imemshinda kuandika! Nilitoka pale na hasira zangu, nikapitia dukani kununua kitambaa cha sare.

Sketi za shule nazishona kwa namna yangu. Kwa ndani naficha mapindo mawili, moja juu ya jingine; yakiisha, nashona sketi nyingine. Kila mwaka shule ikifunguliwa, Hakimu anafumua moja kwa mkono wake, sketi inashuka, naye anatembea chumbani kwa maringo kuonyesha alivyokua. Safari hii nilishona huku namlaani karani, namlaani bosi, nawalaani wote waliokaa kwenye viti vyao wakaniamulia maisha. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilipomaliza nikaitundika mlangoni.

Nilipotoka jikoni nikamkuta Hakimu sakafuni, kaigeuza sketi ndani nje, kidole kwenye mshono.

"Mama, pindo moja si mwaka mmoja?"

"Ndiyo."

"Hapa yapo manne."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu karani, ya kumjibu bosi, ya kuijibu serikali nzima. Kwake nilitaka tu kusema nimekosea, lakini anajua fika mama yake hakosei hesabu ya mapindo.

Hakulia. Aliinuka, akaenda kuleta shati lake la sare na kopo la sindano, akaviweka mapajani mwangu.

"Basi na hili liwekee," akasema. "Mikono yangu nayo itarefuka."