Nimeshatoa Mbili

Futi ya mama, ile kamba ya kupimia nguo, ilianzia kwenye mbili. Pasi ya mkaa iliunguza ncha yake mama akiwa bado hai, naye akakata kipande kilichoungua akaendelea na kazi. Kwa hiyo ukimpima mtu kiuno ukasoma thelathini na mbili, unatoa mbili kichwani, unaandika thelathini. Mimi na mdogo wangu tulikua tukitoa mbili kama watoto wengine wanavyokua wakinawa mikono. Usiniulize kwa nini hatukununua nyingine. Mama alituachia cherehani ya kukanyaga, mkasi na hiyo futi, na tulipofungua biashara kwenye kichumba cha kibarazani pa duka la rangi, mtaji wote ulikuwa huo. Mwenye duka alitupa mabaki ya makopo, tukaandika ubaoni DADA WAWILI. Herufi mbili za mwisho ni za kijani, maana nyekundu iliisha.

Mdogo wangu nilimwita Kimya. Yeye alinyamaza, mimi nikaongea kwa niaba ya wote wawili, na wateja walitupenda hivyohivyo. Kila mmoja alipima mteja wake, akakata mwenyewe, akashona zamu yake ya cherehani ikifika. Ndiyo maana futi ile haikuwahi kutuumbua.

Kisha ikaja kwaya. Magauni ishirini na manne, kitambaa chao wenyewe, ya kuvaa kwenye mashindano. Hatukuwahi kushika kazi kubwa kama ile, tukaona tugawane: Kimya aende kuwapima, mimi nikate, kushona tupokezane. Alirudi mchana na karatasi zimejaa namba. Mimi nilikuwa kwenye simu namringia shangazi, namwambia sisi sasa si wa kutia viraka, sisi ni kampuni. Kimya akasimama mlangoni akasema, "Dada, nimeshatoa mbili. Usitoe tena."

Nikampungia mkono kama mtu anayefukuza nzi.

Kesho yake nikakata. Nikasoma thelathini na sita kwenye karatasi ya Kimya, nikatoa mbili. Nikasoma arobaini, nikatoa mbili. Yote ishirini na manne, bila kusita, tena nikiimba. Na mishono ya ndani niliiacha myembamba, maana kitambaa chenyewe kilitosha kwa shida.

Siku ya kujaribisha, mwalimu wa kwaya alitangulia, mama mnene, mcheshi. Zipu ikafika katikati ya mgongo ikagoma. Akacheka, akasema, "Jamani, nimenenepa kwa wiki mbili tu?" Akaja wa pili, ikagoma. Wa tatu alikuwa binti mwembamba kama ufito, na yeye ikagoma. Hapo kicheko kikaisha.

"Nani alitupima?" mwalimu akauliza.

Ndipo nilipoisikia tena ile sauti ya mlangoni, neno kwa neno. Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu hayakungoja. Yalinifika palepale, na bado mdomo wangu huu ukafunguka ukasema, "Ni mdogo wangu aliyewapima."

Na haikuwa hata uongo. Ndiye aliyewapima.

Kimya alikuwa amepiga magoti kwenye pindo la mtu, pini mdomoni. Aliniangalia. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. "Tusamehe, mwalimu," akasema. "Tutayarekebisha."

Siku tano tulifumua mbavu za magauni yale na kutia vipande vya kitambaa kingine. Nilisikia baadaye kwamba kwaya iliimba imebana mikono mwilini ili viraka visionekane. Kama walishinda au walishindwa, sikuthubutu kuuliza.

Maneno yana miguu. Wateja wakaanza kusema, "Unipime wewe, si yule," na yule amesimama palepale. Mara ya kwanza nilijitia sijasikia. Mara ya pili vilevile. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema, na kila jioni nikafunga mlango sijasema. Mwezi wa tatu baada ya magauni yale, Kimya akaondoka. Alipata kazi kwenye kiwanda cha mashati, kutia vifungo, kazi ambayo humpimi mtu. Alichukua kile kimto cha pini tu.

Ubao bado unasema Dada Wawili. Wateja wapya huniuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Mimi, mwenye mdomo usiojua likizo, hukohoa.

Mwaka jana akaolewa. Nilikwenda asubuhi kumvalisha, maana dada wa kufanya hivyo ni mimi peke yangu. Gauni alishonewa na fundi wa mtaa mwingine. Tukabaki wawili chumbani, nikafunga vifungo vya mgongoni kuanzia chini, na nilipofika katikati nikashindwa kuendelea.

"Mdogo wangu," nikasema, "yale magauni ya kwaya. Uliniambia. Mimi ndiye niliyetoa tena."

"Najua, dada."

"Sasa mbona siku ile hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Nilingoja mwezi, nikaongeza mwingine."

Nikalia, sikuficha. Nikamwambia arudi, cherehani ipo, ubao upo, nitawaambia watu wote kwa mdomo huuhuu.

"Nikishika futi sasa," akasema bila hasira, "kila namba naisoma mara tatu, na bado siiamini. Malizia vifungo, dada. Watu wanangoja."

Nikamalizia. Mikono yangu ya fundi ilizunguka gauni lile ikitafuta kosa, bega lililokaa vibaya, kiuno kilicholegea, chochote. Sikuona kosa. Lilimkaa sawasawa, na aliyempima ni mtu baki.