Hakuna Ufukwe Huku

Siku ya Jumanne Evanthia alimkuta mtu mmoja amesimama kando ya barabara ya pwani, ameshika daftari, na hilo daftari ndilo lililomkosesha raha. Anayekuja kuogelea huja na taulo, na akiwa mshamba huja na redio. Daftari ni la mtu mwenye mipango.

"Samahani, mama," yule mtu akasema. "Kuna ufukwe wowote huku chini?"

"Ufukwe?" Evanthia alikunja pua. "Huku kuna bomba la majitaka, mwanangu. Ukishuka utarudi na upele. Wewe nenda mbele kilomita sita, utaona watu."

Akaandika kitu. Evanthia akapita zake, akajifanya anachuma majani ya taimu ya kupikia mpaka mtu akaondoka, kisha akajipenyeza katikati ya misonobari, akashuka.

Huko chini hakukuwa na bomba. Kulikuwa na ghuba ndogo isiyoonekana kutoka barabarani, mwendo wa saa moja kwa basi kutoka Athene, na viti vinne vya plastiki vilivyofichwa vichakani. Wenzake wawili, Thrasos na Marula, walikuwa tayari majini hadi kifuani, kofia kichwani, wakipiga soga. Wazee wa rika lao hawaogelei sana. Husimama baharini na kusengenya mpaka vidole vikunjamane.

Kwingineko kwenye pwani ile vitanda vya kuotea jua na miavuli ya kukodi vimebanana mpaka huna pa kuweka kandambili. Ndiyo maana hawa walikuwa na sheria. Hupigi picha. Huleti mgeni, hata awe mwanao wa kumzaa. Hushuki basi kituo cha karibu. Unashuka cha mbele yake, unarudi kwa miguu. Mgeni akiuliza njia, unamdanganya bila haya. Hawakujuana hata majina ya ukoo wala namba za simu, maana asiyejua kitu hawezi kukitoboa. Evanthia alikuwa mjane, mpishi mstaafu wa shule, na dirisha lake pekee mjini lilitazama ukuta wa jirani. Wakimnyang'anya maji haya, angebaki na ukuta.

"Mtu wa miavuli huyo," Thrasos alisema alipohadithiwa. Enzi zake alikuwa fundi wa lifti, na mpaka leo akisikia habari ya mtu mwenye kalamu humdhania mkaguzi. "Kavaa viatu gani?"

"Vya kamba."

"Basi! Nani huja baharini na viatu vya kamba? Kesho utamwona na mashine ya kahawa."

"Au katumwa na bibie," Marula akasema.

Hakuna aliyeuliza bibie yupi. Septemba iliyopita, tarehe ishirini, picha ya ghuba hii ilitokea mtandaoni kwenye orodha ya fukwe tulivu karibu na jiji. Bahati nzuri njia haikutajwa. Lakini Argiro, aliyeogelea nao kwa miaka thelathini na moja, alikuwa ameacha kuja mwezi uleule, bila kwaheri. Wao wakaunganisha mambo wenyewe: aliyetoa siri kajificha kwa aibu. Evanthia ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita msaliti, na kila alipolirudia neno hilo lilizidi kumkaa mdomoni vizuri.

Jumatano mtu wa daftari alikuwa palepale. Safari hii alimuuliza Thrasos, na Thrasos, ambaye hajui kudanganya kwa kiasi, akamwambia chini kuna nyoka wanene kama mpira wa zimamoto.

"Akaamini?" Evanthia aliuliza.

"Kaandika."

"Mtu anayeandika nyoka hakati tamaa. Huyu ana kampuni nyuma yake."

Usiku Evanthia hakulala vizuri. Alishaanza kuvisikia vitanda vikiburutwa kwenye kokoto. Alhamisi akaja na kalamu ya nyusi ya Marula mfukoni, ameazimia kuinakili namba ya gari la huyo mtu. Akizijua namba, Marula ana mpwa anayefanya kazi ofisi ya kusajili magari, na kampuni itajulikana.

Gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kona, kivulini. Mwenyewe alikuwa mbali kidogo, ameegemea ukingo wa barabara, anachungulia misonobari. Evanthia akanyemelea, akainama nyuma ya gari, akaanza kuandika namba kwenye kiganja. Ndipo aliposikia kioo kinagongwa. Ngo, ngo, ngo. Akainuka. Ndani ya gari, kiti cha mbele, alikuwa Argiro.

Evanthia akazunguka ubavuni. Alifungua mlango bila hata kufikiri.

"Kumbe! Kumbe ni wewe kweli! Umekuja kuwaonyesha njia, siyo? Mwaka mzima ninajiambia labda nimekuonea, kumbe wapi! Huna hata uso wa kunijibu?"

Mdomo wa Argiro ulikuwa umevutwa upande mmoja, na mkono wa kulia umelala mapajani umegeuka juu, hauna kazi. Wa kushoto ulikuwa bado umekunjwa ngumi kwenye kioo.

"Wewe mama! Unamfokea nani?" Yule mtu alikuja mbio, daftari mkononi. "Huyo ni mama yangu! Hasemi, huoni?"

"Mama yako?"

"Mimi naitwa Iordanis. Alipooza mwaka jana, ndani ya basi, Septemba tatu. Miezi mitatu hospitali. Wewe unamfahamu?"

Septemba tatu. Picha ilitoka tarehe ishirini. Evanthia alihesabu siku hizo mara mbili, na mara zote mbili zilimsuta.

"Hajawahi kukwambia anaogelea wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Aliniambia Vula. Miaka yote, Vula. Nimempeleka Vula, hakutaka hata kushuka garini. Nimempeleka fukwe kumi na saba." Akamwonyesha daftari, majina yote yamekatwa. "Tukifika hapa anagonga kioo kama anataka kukivunja. Nauliza watu, wananiambia hakuna kitu. Si wewe uliyeniambia habari za bomba? Daktari anasema akili zinamtoka, na mimi naona kweli. Mtu anataka kushuka kwenye majitaka, akili ziko wapi? Kesho saa nne wanakuja kumchukua. Nyumba ya wazee, kule Lamia."

Evanthia alitazama barabara. Bado angeweza kunyamaza. Angesema anamjua huyu mama kutoka sokoni, angempa pole, na ghuba ingebaki salama. Mtoto hajui lolote, mama hasemi. Wazo hilo lilimjia, tusifiche, na lilikaa naye muda ambao baadaye aliuonea aibu. Argiro alikuwa anamtazama. Alikuwa amemdanganya hata mwanawe wa kumzaa ili kuilinda sheria, na sasa sheria ilikuwa inampeleka Lamia, ambako hakuna bahari ya kushuka kwa miguu.

"Mama yako ana akili zake zote," Evanthia akasema. "Ni mimi niliyekudanganya. Ufukwe upo hapa chini."

Iordanis alimtazama kutoka kofia hadi kandambili. "Juzi bomba, jana nyoka, leo ufukwe. Nyinyi watu mna nini? Kuna mtu anataka kuniibia?"

"Usiniamini. Una haki. Muulize yeye."

Iordanis akainama kwa mama yake. Kabla hajafungua mdomo, Argiro alikuwa ameshautoa mguu wake wa kushoto, ule mzima, nje ya gari na kuukanyaga udongo.

Iordanis alimbeba mama yake mgongoni. Evanthia alitangulia akisukuma matawi, na walipotokeza ufukweni Thrasos akapiga kelele kutoka majini.

"Evanthia! Umerogwa? Unamleta mtu wa miavuli mpaka chumbani?"

"Nyamaza, Thrasos! Ni Argiro, na huyu ni mwanawe! Njoo utusaidie!"

Thrasos akatazama, akavua kofia, akaanza kutoka majini kuwapokea. Marula alianza kulia palepale alipo.

Walimwingiza majini na gauni lake. Evanthia alimkumbatia kwa nyuma, akamwegemeza kifuani, na maji yakamchukua uzito. Iordanis akarudi ufukweni, na muda si mrefu akasikika akiwaambia watu wa Lamia kwa simu kwamba kesho wasije.

"Nilisema umetuuza," Evanthia akamwambia Argiro sikioni. "Mimi ndiye niliyeanza. Mwaka mzima nilikusema, na wewe uko kitandani. Na sikukutafuta. Hata siku moja sikukutafuta."

Mkono mzima wa Argiro ulitoka majini, ukaushika mkono wa Evanthia, ukaufinya. Ulifinya kwelikweli, kwa kucha, mpaka Evanthia akaguna kwa maumivu. Hakuuondoa mkono wake, na Argiro hakuuachia. Walikaa hivyo mpaka Iordanis alipowaita mara ya tatu.