Mwanamume Asiyetaka Kupangiwa

Karakana nzima ilimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, hodari kweli. Chuma kilimtii kama mtoto aliyefunzwa adabu. Lakini mtu akitamka tu neno "mwakani", jasho jembamba lilimtoka.

Mchumba wake alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mwanamke mcheshi mwenye mikono isiyotulia. Mchana mmoja, baada ya kula, alisukuma sahani pembeni akaanza kujenga nyumba juu ya meza kwa vijiko na vikombe.

"Kiwanja nimeshapata. Hapa jikoni. Hapa sisi. Huku nyuma karakana yako ndogo, ukizeeka usihangaike na barabara. Chumba hiki cha chini cha mama yako, magoti yake hayataki ngazi. Na hiki cha watoto."

"Watoto gani?"

"Wetu."

"Mbona siwajui?"

"Hawajazaliwa, mpenzi. Ndiyo maana nawahi."

Taratibu alikitazama kile kijiko kilichokuwa ukuta wa chumba cha watoto, akasukuma kiti chake nyuma. Alisingizia geti la mteja, akaondoka bila hata kunywa chai.

Karakanani alimweleza rafiki yake, fundi rangi, bingwa wa ushauri wa ndoa. Bingwa huyo alikuwa ameachwa na wake wawili na sasa alilala kwenye kochi la kaka yake, lakini ndiyo hivyo, mganga hajigangi.

"Kimbia!" alisema fundi rangi. "Leo anapanga vyumba, kesho atakupangia upande wa kulalia. Mwanamume hapangwi. Kwani wewe ni viti vya harusi?"

Wenzao walicheka huku wakigonga vyuma. Taratibu alicheka kuliko wote, kama mtu aliyepewa ruhusa na daktari.

Hata hivyo alipitia kwanza kwa mama yake, akiwa na hakika kwamba damu ni nzito kuliko maji.

"Mama, huyu mwanamke ananipangia maisha hadi uzeeni."

"Najua. Aliniuliza nataka dirisha litazame wapi. Nikamwambia barabarani, niwaone wapitao."

"Mama! Hata wewe?"

"Hata mimi nini? Baba yako alikuwa mtu wa tutaona, tutaona. Ndiyo maana nilikuzalia kwenye kibanda cha mlinzi, na mlinzi mwenyewe akazimia."

Alitoka hapo amenuna. Jioni akaenda kwa muuguzi, mfukoni ana kitambaa safi cha kumfutia machozi, maana alijiona mtu mwenye huruma.

"Nahitaji kupumua kidogo," alisema.

"Mpaka lini?"

"Unaona sasa! Hata pumzi unaipangia tarehe!"

Muuguzi alimtazama jinsi anavyotazamwa mtoto anayekataa dawa.

"Nilipanga kwa sababu nilikupenda, si kwa sababu nilikosa kazi. Haya, nenda kapumue. Ile karakana ya nyuma nitaifanya banda la kuku."

Hakulia. Taratibu alirudi na kitambaa chake kikavu, kaudhika njia nzima. Kuachana angeweza kuvumilia. Lakini kuku?

Miezi ikapita. Alipumua hadi akachoka. Mara kwa mara miguu ilimpitisha karibu na kile kiwanja, akaona kuta zinapanda bila mtu kumuuliza lolote.

Siku moja muuguzi akaingia karakanani mwenyewe. Fundi rangi alijificha nyuma ya fremu ya mlango ambayo haijatiwa kioo, akaonekana vizuri tu.

"Nilijua utarudi," Taratibu alisema, kwa sauti ya mtu anayesamehe.

"Nataka geti. Wanasema hakuna akushindaye, na mimi sigombani na kazi nzuri."

Alimtengenezea geti ambalo hajawahi kumtengenezea mtu, lenye maua ya chuma juu mpaka chini. Alipolipeleka kulifunga, mtu alimpungia mkono kutoka dirisha la chini, linalotazama barabara.

"Mama! Si uliniambia umehamia kwa rafiki yako?"

"Kwani huyu ni adui? Hospitali ya magoti iko jirani, na hapa sipandi ngazi. Kwako hata kiti hakuna."

"Lakini mimi na yeye tuliachana!"

"Ninyi ndio mliachana. Mimi aliniacha lini?"

Taratibu aliinama akakaza bawaba, masikio yakimwaka moto. Alipomaliza, muuguzi alitoka na sare yake ya kazi, funguo mkononi. Akapitisha macho kwenye kila ua la chuma.

"Limependeza," alisema.

Taratibu akajipa moyo. "Tunaweza kuzungumza? Mimi na wewe, siku moja?"

"Siku gani?"

Taratibu alifungua mdomo. Kuku mmoja alilia nyuma ya nyumba.

"Siku... yoyote tu. Taratibu."

Muuguzi alicheka, wala si kwa ubaya. "Haya, toka nje tujaribu komeo."

Akatoka. Komeo likaingia.

"Sukuma!"

Akasukuma kwa bega, kwa nguvu zake zote. Geti halikutikisika.

"Hongera, mwanangu," mama yake akasema kutoka dirishani. "Hapo hapiti mtu."