Vitabu Vilivyorudi Kwao

Asubuhi ya matoleo mapya, Mama Kijino alikuwa kwenye meza ya kushonea vitabu, akikwangua gundi iliyomkaukia kwenye kucha. Ghorofani, Mkurugenzi alikuwa akiwaeleza wageni kwamba mwaka huu nyumba yao ya uchapishaji imejaa kila kitu: riwaya ya ndoa iliyovunjika, historia ya mgomo wa reli, kitabu cha mapishi, hadithi za watoto. "Kila msomaji atapata chake," alisema. Makofi yalisikika mpaka chini, kwenye chumba cha washonaji, kwa sababu dari lilikuwa la mbao nyembamba.

Mama Kijino hakupiga makofi. Mikono yake ilikuwa na kazi, na isitoshe alikuwa ameshavisoma vitabu hivyo, ukurasa mmoja mmoja, uzi ukiwa mkononi.

Katika nyumba ile palikuwa na desturi ya chai ya saa nne. Shangazi wa Chai, ambaye hata waliomzidi umri walimwita shangazi, aliteremka na birika, na Mhariri naye aliteremka nyuma yake. Wahariri wengine walinywea chai yao juu. Huyu alivuta kiti, akakaa katikati ya vumbi la karatasi, akageuza simu yake kifudifudi juu ya meza na kusema, "Haya jamani, nipeni za leo."

Ile simu kugeuzwa kifudifudi ndiyo iliyowamaliza. Wao waliona ni adabu: mtu mkubwa ameziweka kando shughuli zake ili awasikilize wao. Kwa hiyo wakampa. Mlinzi wa getini alimpa mgomo aliougoma yeye mwenyewe akiwa kijana wa reli, mpaka jina la mbwa wa meneja. Shangazi wa Chai alimpa mapishi ya mamake, na kipimo cha chumvi kinachopimwa kwa kiganja. Mama Kijino alimpa hadithi ya jino.

Hiyo aliitunga siku binti yake alipong'oka jino la mbele, siku ambayo pia alipata jina la Kijino. Mtoto alikuwa akilia, damu inamchuruzika kidevuni, na mama anamfuta kwa kitambaa huku akisema chochote kinachomjia: jino liliamka likajikuta nje ya mdomo, likaona baridi, likaenda mlango kwa mlango kuomba mdomo mwingine. Kinywa cha bibi kilikuwa na nafasi nyingi lakini hakikutaka wapangaji. Kinywa cha jirani kilikuwa na kelele. Mtoto aliacha kulia ili asikie. Baada ya hapo aliidai kila usiku, na ole wake mama akiruka neno.

Karibu neno kwa neno, kumbe simu ilikuwa ikiinasa, ndivyo ilivyorudi kwenye meza ya kushonea, imepigwa chapa, imetiwa picha za rangi. Juu ya jalada palikuwa na jina la mke wa Mkurugenzi, majina matatu kamili, na kwa nyuma picha yake akiwa amemkumbatia mtoto wa kuazima. Mama Kijino aliisoma mpaka mwisho. Halafu akaendelea kushona, maana sindano ilikuwa imeshaingia.

Mkurugenzi alipenda shule zipewe nakala za bure. Wiki hiyohiyo mwalimu wa Kijino alikisimamisha kitabu mbele ya darasa, akaanza kusoma. Kijino, kutoka dawati la mbele, alikuwa akiyataja maneno kabla ukurasa haujafunuliwa. Mwalimu alifurahi.

"Umekisoma wapi?"

"Sijakisoma, mwalimu. Ni ya mama. Aliitunga jino langu lilipotoka."

Mwalimu alimwonyesha jalada na kumwambia asome jina. Kijino alilisoma. Akaulizwa kama hilo ni jina la mamake. Akasema hapana, lakini hadithi ni ya mamake. Akaambiwa asimame mbele, afumbe mdomo kwa kiganja chake mwenyewe mpaka kipindi kiishe, ili wenzake waone mwongo anavyofanana.

Jioni alimsimulia mama habari hiyo bila kulia, na hilo ndilo lililomchoma mama zaidi. "Mama, kwani tulidanganya?"

"Hatukudanganya."

"Basi jina lako mbona halipo?"

Mama Kijino alikoroga chungu. Alikuwa na jibu la watu wengine, lakini halikuwa la kusemwa mbele ya mtoto. Alikuwa bado amesimama na kijiko mkononi pale vitabu vilipoingia uani.

Vilikuja jua likizama, kutoka madukani na kutoka ghala la kampuni. Vilitembea kwa majalada yao, kama kuku anavyokanyaga tope, jalada hili kisha lile. Kwenye njia panda vilisubiri magari yapite. Jirani, aliyekuwa akianua nguo, aliinua shuka ili visilikanyage. "Mama Kijino," aliita juu ya ukuta, "waambie wageni wako uani kwangu si njia."

"Samahani dada, hawajazoea."

Alivifungulia mlango. Viliingia vikajipanga chini ya kitanda, juu ya kabati, kando ya jiko ambapo pana joto. Mtaa wa pili, historia ya mgomo ilikuwa inapanda ngazi za Mlinzi. Vitabu vya mapishi vilikuwa vimeshajaa jikoni kwa Shangazi wa Chai, naye alikuwa anavifukuza kwa ufagio, si kwa chuki, ila vilikuwa vinazuia mlango wa kabati la unga.

Usiku huo Kijino alidai hadithi yake kama kawaida. Mama alipoanza, vitabu vyote vilifunguka, na alipomaliza ukurasa, vyote vikafunua mwingine kwa pamoja.

"Mama, hawa wameondoa ile sehemu ya kamasi."

"Nimeona."

"Ile ndiyo nzuri."

"Najua, mwanangu. Lala."

Asubuhi gari la kampuni lilipita kuvikusanya. Jioni vikarudi. Watu walionunua walianza kulalamika kwamba wananunua kitabu saa sita na kufikia magharibi hawana kitabu. Mwenye duka mmoja alisema hana ubishi na kitabu kutembea, yeye anachotaka ni kijue ratiba yake. Ndipo Mama Kijino alipoitwa juu, ambako hakuwahi kuitwa.

Mkurugenzi alikuwa nyuma ya meza. Mhariri aliketi kando yake, mikono mapajani, akitabasamu kama mtu anayeongoza harusi.

"Mali ya kampuni inalala kwako," Mkurugenzi alisema.

"Inakuja yenyewe, mzee."

"Sikatai. Lakini inalala kwako."

"Kwa sababu ni kwao."

Mhariri aliingilia kwa sauti laini. "Mama Kijino, kaa kwanza. Unajua mimi nakupenda sana."

"Sikuja kupendwa, dada. Nataka jina langu likae juu ya kitabu. Mwanangu amesimamishwa mbele ya darasa kama mwizi. Andikeni jina, vitabu vitatulia madukani, na mtoto atakaa kwenye dawati lake. Sina lingine."

"Lakini wewe uliisema tu, mwenzangu. Kusema si kuandika. Kila mtu anasema."

"Basi mngechapa ya kila mtu. Mbona mlichapa yangu?"

Mhariri alitazama dirishani. Mkurugenzi alisema mke wake ameshaalikwa sehemu nyingi kwenda kuisoma hadithi ile, na kwamba jina likishachapwa limechapwa. Hata hivyo kampuni si jiwe. Toleo lijalo, ukurasa wa ndani, litakuwa na mstari wa shukrani kwa wafanyakazi wote.

"Jina langu si Wote," alisema Mama Kijino.

Mkurugenzi alieleza kazi mpya. Fundi alikuwa amejaribu kuvifunga vitabu kwa waya, vikakata. Mshonaji mwingine alijaribu kwa kamba ya katani, vikakata vilevile. Ila riwaya ya ndoa iliyovunjika, iliyoshonwa kitanzi na mshonaji mmoja ambaye ndoa hiyo ilikuwa yake, ilikuwa imetulia dukani. Kumbe kitabu hukubali kufungwa na mkono wa mwenyewe. Kwa hiyo kila mmoja atashona kitanzi kwenye mgongo wa kitabu chake, ncha ya kamba ifungwe kwenye rafu.

Kisha akaongeza: asiyetaka, kuna watu wa polisi wanaojua kumuuliza mtu kwa nini ghala la watu liko chini ya kitanda chake, na mtoto wake atalala wapi wakati anaulizwa.

Yaani mkono wa mwenyewe walikuwa wanautambua. Walipotaka jalada hawakuujua. Walipotaka kamba wakaujua mara moja, wakauita kwa heshima, wakauwekea kiti.

Aliteremka akakuta Shangazi wa Chai ameshaanza. Birika lilikuwa sakafuni, limepoa. Mama mtu mzima yule alikuwa ameinamia kitabu cha mapishi ya mamake, anasukuma sindano nene kwa kiganja kilekile cha kupimia chumvi.

"Shangazi, hata wewe?"

"Niache, mwanangu. Nimekaa nao miaka, nawajua. Wamekunywa chai yangu, wamekunywa na maneno yangu, leo wananipa sindano. Wana adabu sana hawa." Alikata uzi kwa meno. "Wewe shona. Kijino atakula nini, hasira?"

"Zipo za kutosha kumshibisha."

"Zipo. Lakini hazipikiki. Nimejaribu."

Mama Kijino alikaa. Alichukua nakala ya kwanza, ikafunguka kidogo mikononi mwake, kama mtoto anayedhani anavuliwa ili aogeshwe. Akapitisha sindano. Alishona kwa hasira, na hasira ilimharibia kazi kwa namna moja tu: mshono ulitoka imara kuliko wowote aliowahi kushona.

Mhariri aliendelea kuteremka saa nne. Alivuta kiti, akageuza simu kifudifudi. Hawakumpa tena chochote. Walimpa hali ya hewa. Baada ya siku chache aliacha kuja, na ikasemekana amehamia kwenye meza ya madereva, ambao ni wachangamfu.

Wanunuzi waliridhika. Jua likianza kushuka, madukani na majumbani, kitabu cha jino kiligeuka polepole kwenye rafu kikaelekeza uso upande wa nyumba ya Mama Kijino, kamba ikakaza, kikabaki hivyo mpaka asubuhi. Watu walikizoea. Mwenye duka mmoja alisema kinamsaidia kujua saa ya kufunga.

Darasani kwa Kijino nakala ya shule ilifungwa kwenye mguu wa meza ya mwalimu. Hiyo haikusubiri jua lizame. Kijino alipoingia tu, ilijikokota kuelekea dawati lake mpaka kamba ikafika mwisho.

"Usikivute," alisema mwalimu.

"Sikivuti, mwalimu."

Mwalimu aliona kwamba kweli hakivuti. Akamhamishia nyuma kabisa, karibu na dirisha, kwa sababu kitabu kilikuwa kinashindwa kusomeka vizuri akiwa karibu. Kitabu kiligeuka nyuma pia. Mwalimu akakigeuza mbele, akakishikilia kwa kiwiko, akasoma mpaka mwisho. Halafu, kama ilivyo kwenye mwongozo wa kipindi, aliuliza swali la kufungia.

"Nani ametunga hadithi hii?"

Darasa zima liliitika majina matatu ya mke wa Mkurugenzi, kwa wimbo, kama watoto wanavyoitika. Mwalimu alitazama nyuma, kwenye dirisha, ambako kulikuwa na mdomo mmoja uliofungwa.

"Na wewe nakusubiri. Hatutoki mpaka useme."

Wenzake walishakuwa wamebeba mikoba. Wengine waligeuka kumwangalia. Kitabu kilikuwa kimekaza kamba, kimeukunja mgongo, kurasa zimemwelekea yeye.

Kijino aliyataja majina yote matatu, bila kukosea, kwa sababu alitaka kwenda nyumbani kwa mama yake.

"Vizuri sana," alisema mwalimu, na kumwandikia vema.