Nafasi Nyuma ya Tairi

Asubuhi ile Lukumani alikuwa ameinua lori la Tomasi kwa jeki, upande wa kulia nyuma, na kuliwekea gogo chini ya ekseli kwa sababu jeki yenyewe ilikuwa inavuja. Gereji yake iko Nachingwea, nyuma ya maghala ya korosho, na haina ukuta, ina mwembe mmoja na tangi bovu la mafuta analokalia. Alifungua nati, akatoa gurudumu la zamani, akalilaza kando. Halafu akachukua moja ya rimu mpya ambazo Tomasi alizileta kutoka Dar es Salaam, pana na za kung'aa, akaipachika. Haikukaa. Akachungulia ndani aone inagusa wapi, akakuta inagusa goti la Paschal.

Akamwomba radhi, akaitoa.

Paschal alikuwa utingo wa lori hilo. Tangu msimu uliopita wa ufuta alikuwa anakaa kwenye nafasi iliyo kati ya tairi la nyuma na chesisi, magoti kidevuni, shavu limelalia springi. Mafundi wote wa Nachingwea waliowahi kuingia chini ya lori hilo walimjua na walimsalimia, na waliopaka grisi walijitahidi wasimchafue. Alikuwa amekufa, lakini kazi hakuiacha. Tomasi alipokuwa anarudi nyuma kwenye ghala, sauti ilitoka chini ikimwelekeza: lete, lete, kata kulia, hapo hapo. Wenye malori wengine walimwonea wivu, maana utingo wao walikuwa wanasinzia.

Lukumani akamwita Tomasi, akamweleza kwa vitendo. Aliilaza rimu mpya kifudifudi, mgongo juu, akaweka ubao ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, akashusha futi kutoka kwenye ubao mpaka kwenye sahani, ile ya katikati yenye matundu ya nati. Kina hicho, alisema, ndicho kinachoamua tairi likae wapi. Kikiwa kirefu, tairi linaingia ndani, kwenye springi na bomba la breki. Kikiwa kifupi, linatoka nje. Watu wakienda kununua rimu wanauliza upana, wanahesabu matundu, wanajitazama kwenye mng'ao wake, wanaondoka nazo. Hakuna anayeuliza sahani imesogea kiasi gani kutoka katikati. Tomasi naye alikuwa amehesabu matundu.

Tomasi akasema basi Paschal ajibane kidogo. Lukumani akasema mtu anaweza kujibana, bomba la breki haliwezi, na breki za lori hilo zilikuwa mbaya hata kabla ya kuguswa. Tomasi akajibu kwamba breki zake anazijua, akaenda kunywa chai.

Lukumani akabaki na Paschal. Akamuuliza kama ana watu wake. Paschal akamtajia namba ya simu ya mkewe bila kukosea.

Mkewe anaitwa Penina, na alikuwa Malolo, upande wa Ruangwa, akikamua. Familia yao ilikuja na ng'ombe kutoka kule Ziwa Victoria, ikiongozwa na Kashinje, kaka mkubwa wa Paschal. Msimu uliopita Tomasi alifika pale nyumbani, akamwambia Kashinje kwamba Paschal ameshukia njiani na kwenda Masasi na mwanamke. Kashinje aliamini, kwa kuwa Tomasi alikuwa na lori. Tangu hapo Malolo nzima ikamjua Penina kama mke aliyekimbiwa. Walimhurumia kisimani na kumcheka mnadani, na yeye mwenyewe alikuwa amemlaani Paschal mpaka maneno yakamwishia.

Alipopata simu ya Lukumani alifunika maziwa, akapanda bodaboda. Hakupata mahali pa kuwekea kanga yake chini pale gereji, kote ni oili, kwa hiyo akapiga magoti hivyo hivyo.

"Umekuja," Paschal akasema.

"Nimekuja, Baba Getruda."

"Yule ng'ombe mweupe alizaa?"

"Alizaa dume."

Paschal akatikisa kichwa kwa kadiri springi ilivyomruhusu. Hapo ndipo hasira ilipompanda Penina. Kifo angekivumilia, kinamfika kila mtu. Kilichomuuma ni kwamba mwaka mzima alikuwa anamtukana mtu aliyekunjwa hapa kama shati. Alilia, akajifuta, akamwambia aeleze.

Paschal alieleza bila kupamba. Walikuwa wamepakia ufuta, wanapanda kilima cha kabla ya Mbwemkuru. Breki zikashindwa kushika. Tomasi akamwambia aruke aweke jiwe nyuma ya tairi, naye akaruka, akaweka. Lori likarudi kabla hajatoa mkono. Tomasi alishuka na tochi, akachungulia, akamwita jina. Halafu akarudi kwenye usukani kwa sababu mnada ulikuwa unafunguliwa asubuhi.

"Alinipa pole," Paschal akasema. Alikuwa mtu wa haki hata alipokuwa hai.

Penina aliporudi Malolo alimfuata Kashinje zizini, akamwambia ndugu yake amekufa, wachimbe kaburi. Kashinje alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumbishia kwamba Paschal yuko nyuma ya tairi; aliuliza tu ni nani aliyesema amekufia hapo. Penina akasema ni Paschal mwenyewe. Kashinje akasema mtu hawezi kuwa shahidi wa kifo chake, na kwamba pale nyumbani halitachimbwa kaburi la mtu aliyetoroka, hata kama sasa anasikia aibu. Wawili tu ndio waliokuwepo kilimani. Mwingine ni Tomasi. Tomasi akitamka, yeye Kashinje atachukua jembe mwenyewe.

Kwa hiyo Penina alihitaji mambo mawili, mume wake atoke na Tomasi atamke. Akaanza na lile lililokuwa la chuma.

Lukumani alikuwa ameshajaribu kumvuta Paschal gurudumu likiwa limetolewa. Hakusogea. Mtu aliyekufa kwenye nafasi fulani anabaki na nafasi hiyo, liwepo tairi au lisiwepo, na gereji kadhaa zilikuwa zimeliona hilo. Njia ilikuwa moja: lori lisimame kwa magurudumu yake lenyewe, tairi likiwa limekaa mbali zaidi na chesisi. Maana yake rimu yenye kina kifupi mgongoni, na ziwe mbili, kulia na kushoto, la sivyo lori litavuta upande. Akakata kijiti cha mpera, akakichonga kwa urefu wa kina kinachotakiwa, akampa Penina. Kijiti kikipita kwa urahisi kati ya ubao na sahani, rimu haifai. Kikigonga, aichukue.

Penina akazunguka Nachingwea na kijiti na ubao wake. Aliingia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akageuza rimu zilizokuwa zimelala na nyoka, akapima. Aliwakuta watu wamekalia rimu, wanafulia kwenye rimu, wamefungia mbuzi kwenye rimu. Aliwaomba wanyanyuke. Wenye maduka walimwonyesha rimu pana kabisa, wakiapa kwamba upana ndio nafasi, naye akawaeleza kwamba upana ni kitu kingine, rimu inaweza kuwa pana na upana wote ukaingia ndani. Wengine walianza kumwita fundi kwa kumtania. Akaitika.

Ya kwanza aliipata kwenye kigango kimoja kijijini, ikining'inia mtini kama kengele. Alimwomba katekista aishushe, akapima, kijiti kikagonga. Katekista alisita kwa sababu Jumapili ilikuwa karibu. Lukumani akampelekea rimu iliyopasuka, nayo ikatundikwa pale pale. Sauti yake ni nyembamba na waumini wanachelewa, lakini wanakuja. Ya pili ilikuwa kwa Bi Hadija, muuza mihogo ya kukaanga, aliyeifanya jiko kwa miaka mingi. Bi Hadija hakutaka kusikia habari ya kuuza. Penina akamweleza ni kwa ajili ya nani. Bi Hadija akamwaga makaa.

"Mchukulie," akasema. "Mimi wangu nilimzika mwenyewe. Nikikosa usingizi, walau najua alipo."

Tomasi alizikubali rimu hizo kirahisi kuliko walivyotegemea. Zile za kung'aa zilikuwa zimeshindikana, ufuta ulikuwa unamsubiri Ruangwa, na Lukumani alipomwambia kwamba magurudumu yatatokeza nje na lori litasimama imara zaidi mchangani, aliona litapendeza. Lukumani akafunga pande zote mbili, akakaza nati kwa kupishanisha, akateremsha jeki.

Lori likatulia juu ya magurudumu yake. Nyuma ya tairi la kulia kukawa na upana wa kutosha bega. Paschal alinyoosha mguu mmoja, akapumzika, akanyoosha wa pili. Penina alimshika mkono na kumvuta taratibu, akatoka mzima kama alivyoingia, isipokuwa ubavu mmoja ulikuwa umelala na begani palikuwa na alama za kashata, yale meno ya tairi. Hakuwa anapumua. Lukumani alihakikisha hilo kwa kumwekea kioo cha pembeni cha lori mbele ya pua, na kioo kikabaki kikavu.

Penina akamgeukia Tomasi. Palikuwa na watu wengi, madereva na wapakiaji, na Kashinje alikuwa ameitwa na amesimama na fimbo yake. Penina alizungumza kwa sauti ya kawaida.

"Bosi, huyu hapa. Sema alifia wapi."

Tomasi alimtazama Paschal kuanzia juu hadi chini. Alionekana kumfurahia kweli.

"Alifia wapi?" akasema. "Mtu kaondoka kwa miguu yake, karudi kwa miguu yake. Nyinyi wote si mnamwona amesimama?"

Watu wakaangalia. Paschal alikuwa amesimama. Hakuna aliyeweza kukanusha hilo, na Kashinje, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliona haya mbele za watu kwa ajili ya ndugu aliyekwenda Masasi mwaka mzima na kurudi amechafuka hivyo. Lukumani alitaka kuonyesha kioo. Wakamwambia kioo cha lori si kipimo cha hospitali.

Tomasi akasema yaliyopita yamepita, na kama Paschal yuko tayari, wanapakia mchana. Paschal kwa mazoea akapiga hatua kuelekea nyuma ya lori. Penina hakumwachia mkono. Alimvuta mpaka kwenye bodaboda, akampakia katikati, wakaenda Malolo wakiwa watatu. Dereva wa bodaboda alilalamika kwamba abiria wa katikati ni mzito kuliko anavyoonekana.

Nyumbani Kashinje alimsema Paschal jioni nzima kuhusu mwanamke wa Masasi. Paschal alijibu kwamba hajawahi kufika Masasi, na baada ya hapo akainuka, kwa kuwa marehemu hachoki haraka lakini anachoshwa. Alikwenda zizini kumwona ndama. Hakula. Getruda, binti yake, alimpiga kofi dogo la upendo kwenye lile bega lenye kashata, akaenda kulala.

Asubuhi Penina alimwomba Kashinje kaburi kwa mara ya mwisho. Kashinje akasema mtu anayetembea hazikwi, na Tomasi ametamka. Penina akachukua jembe na chepe. Kwao mwanamke hachimbi kaburi. Yeye alichimba, kando ya shamba la mtama, mchanga juu na chini udongo mgumu unaokataa chuma. Viganja vikachubuka. Majirani walipita wakampa pole ya kazi, wakiuliza kama ni choo. Paschal alikaa ukingoni akimwangalizia, akamwelekeza kama alivyokuwa anaelekeza lori: leta huku kidogo, kata kulia, bado. Alipoona panatosha akamwambia hapo hapo.

Penina aliteremka kwanza, akasawazisha chini kwa mikono yake. Kisha Paschal akateremka, akalala, akanyoosha miguu yote miwili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kilimani kwamba hakuna kitu kinachomgusa upande wowote.

"Umeridhika?" Penina akauliza.

"Nafasi inatosha," Paschal akasema. "Lakini waambie sikwenda Masasi."

Penina akamfunika kwa kitenge chake kizuri, akasali mwenyewe, akafukia. Alilia kwa sauti, kama anavyoliliwa mtu aliyekufa, na hakuna aliyetoka ndani kulia naye.

Sasa Malolo wanasema Paschal amemkimbia mkewe mara mbili, mara ya kwanza kwenda Masasi, mara ya pili kuingia shambani. Kashinje akiulizwa habari za ndugu yake anasema ameondoka tena. Tomasi amepata utingo mwingine, mtu mchangamfu, na breki ni zile zile.

Lori linapita Malolo kila siku ya mnada. Penina akilisikia anaacha jembe, anakwenda kusimama katikati ya barabara. Tomasi anasimamisha mbali, maana inabidi aanze kukanyaga mapema. Wanasalimiana vizuri, wanaulizana habari za nyumbani. Kisha Penina anamwambia aseme alifia wapi, na anamwambia utingo mpya kwamba akitumwa kuweka jiwe alitupe kutoka mbali, asiingize mkono. Penina hasogei. Zamani pale ilibidi lori lingoje, kwa sababu pembeni ni mchanga mtupu. Siku hizi Tomasi anakata kushoto, anaingia shambani, anamzunguka na kurudi barabarani bila kuyumba. Magurudumu yametanuka kwa zile rimu mbili za Penina.